Risasi Sita za Bwana Tiki

Kinyozi aliletewa habari kwamba kaka yake anakuja kuangalia mchezo wakati yuko katikati ya kichwa cha mteja. Alimaliza upande wa kushoto, akapuliza nywele kwenye mashine, akahamia wa kulia.

Aliyeleta habari ni mama mdogo. Kasimama mlangoni na mwavuli wake, kafurahi utadhani kashinda bahati nasibu. Kapata tiketi mbili za Jumamosi saa kumi, viti vya mbele kabisa. Kasikia kijana wake siku hizi anaimba kwaya, na kwa kuwa yule mkubwa katoka jela hii ni wiki ya tatu na kutwa anashinda chumbani kwake anautazama ukuta, basi kaona nyimbo zitamchangamsha kidogo.

Sasa mama mdogo hakuuliza hiyo kwaya inaimba nini. Na Kinyozi hakumwambia. Alisema tu sawa mama, karibuni sana, akamfungulia mwavuli maana ulikuwa na tabia ya kukwama.

Ile haikuwa kwaya. Kuimba wanaimba, kinanda kipo, ngoma ipo, lakini ni mchezo wa jukwaani, na jina lake Foleni ya Wauaji. Kuna watu saba, kila mmoja kaua mkubwa wa nchi fulani au kajaribu kuua, na wote wameshakufa. Wamekaa kwenye benchi katika ofisi moja hivi, kila mtu na namba yake mkononi, wanasubiri karani awaandike kwenye kitabu cha historia. Karani mwenyewe kila saa anataka kwenda kunywa chai. Ukiitwa namba yako unakwenda dirishani, unaimba kwa nini ulifanya. Yupo mpishi aliyemtilia sumu mfalme kwa sababu miaka kumi na nane hajawahi kuambiwa ahsante. Yupo jamaa aliyempiga risasi waziri mkuu kwa kuwa msafara ulimrushia matope siku amevaa suti ya kuazima. Wapo wawili walimlenga rais mmoja kutoka pande mbili, wakapigana risasi wao kwa wao, na hadi leo wanabishana nani alianza. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Namba tano ndiye anayechekwa kuliko wote. Huyo anaitwa Bwana Tiki.

Wale wengine sita wametungwa. Bwana Tiki hakutungwa. Bwana Tiki alikuwepo, yupo, na ni kaka yake Kinyozi, tumbo moja baba tofauti, ndiyo maana majina yao hayafanani na hapo kwenye kikundi hakuna aliyejua. Bimkubwa, mwalimu mstaafu wa muziki aliyeutunga mchezo, alimweka benchi moja na marehemu kwa sababu alidhani kafia jela. Na anayemwigiza Bwana Tiki ni nani? Kinyozi.

Wala hakuomba. Aliyekuwa anaigiza mwanzo alimfuata mke wake nchi za nje. Siku moja Bimkubwa anapita nje ya duka, akaona wateja wanne wamelaliana kwa kicheko na kinyozi kasimama katikati yao na mashine, uso mkavu kama sahani iliyooshwa. Akaingia akasema huo uso ndio anaoutafuta. Kinyozi akasema sawa. Kwa nini alisema sawa, hata yeye ukimuuliza atakuambia hajui. Alikuwa mtu wa kusema sawa. Ndani yake alikuwa hasikii kitu, si uchungu wala si aibu, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, ila huu wake ulikuwa umekaliwa miaka kumi na miwili.

Miaka kumi na miwili nyuma kaka yake alikuwa anachimba mitaro ya mabomba ya maji. Mtaro mmoja ukaporomoka, ukafukia vijana watatu, mmoja wao rafiki yake wa kula sahani moja. Waziri akasema redioni kwamba vijana wenyewe walikuwa wazembe. Basi. Siku waziri anakuja kuzindua tangi la maji, kaka akapenya mpaka mbele, akatoa bastola, akavuta. Ikalia tiki. Akavuta tena, tiki. Na kwa bahati yake alikuwa amesimama karibu na maikrofoni, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia kwenye spika. Tiki. Tiki. Tiki. Waziri alikata utepe kwanza, ndipo akageuka kuangalia kuna nini.

Mahakamani kaka alisema katapeliwa. Bastola aliuziwa na Fundi Baiskeli, mzee mmoja aliyeziba pancha mchana kweupe na chini ya meza akauza vingine, na kaka akasema mzee kamuuzia chuma kitupu. Fundi Baiskeli akaapa kwamba alitia risasi sita, kwa mikono yake, moja moja, akihesabu. Sasa mtu gani anajitetea hivyo mahakamani? Hata hakimu alitabasamu. Kaka akapewa miaka ishirini, mzee minane. Fundi Baiskeli alimaliza minne tu, kifua kikamchukua. Kaka ndiyo hivyo katoka juzi kwa msamaha wa serikali mpya.

Na Fundi Baiskeli alisema kweli. Risasi zilikuwa sita, na aliyezitoa ni Kinyozi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kaka anaoga uani, yeye anatafuta viatu chini ya kitanda, mkono ukakutana na chuma ndani ya buti la mvua. Akasukuma hapa, akabonyeza pale, kile kigurudumu cha risasi kikafunguka chenyewe. Akaenda chooni akazidondosha kwenye shimo. Akili yake ilimwambia kaka atafungua, ataona patupu, watagombana, watapigana ikibidi, na siku itapita. Kaka hakufungua.

Mwanzoni alinyamaza kwa sababu polisi walikuwa wanauliza nani mwingine alijua, na aliyejua anaingia ndani pia. Halafu Fundi Baiskeli akafa, ikawa kusema kutamsaidia nani. Halafu mama akafa. Baadaye alinyamaza tu, kama mtu anavyoacha redio mbovu juu ya kabati.

Lakini sasa kaka atakaa kiti cha mbele, aangalie mdogo wake anamwigiza yeye, na uimbwe ule wimbo ambao Fundi Baiskeli anaitwa muongo. Ama atamwambia kabla, ama aendelee kumdanganya uso kwa uso, na watu wamelipa kuona. Kinyozi alipanga kumwambia Jumatano. Jumatano akaenda, wakanywa chai, wakazungumzia bomba linalovuja. Akapanga Alhamisi. Ijumaa alinyoa vichwa kumi na tisa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ule ukumbi ni wa mikutano, viti vya plastiki, na pazia wameshona kwa shuka za hospitali zilizotiwa rangi. Ukichungulia kwenye upenyo unaona safu mbili za mbele vizuri. Kaka alikuwa amevaa shati la marehemu baba mkubwa, limemzidi mabega, mikono kaiweka magotini kama aliyeambiwa asiguse kitu. Mama mdogo kajipulizia manukato mpaka yanafika nyuma ya pazia.

Hapa kuna kitu cha kujua kuhusu kikundi cha Bimkubwa. Ana sheria yake, na haipo kwingine kokote. Kila mwigizaji, kila onyesho, anaruhusiwa neno moja la bure. Yaani kabla ya wimbo wako au baada, unasema jambo lolote la kichwani mwako, halipo kwenye maandishi, hata yeye Bimkubwa halijui. Watu wakicheka, linaandikwa kwenye daftari na linakuwa sehemu ya mchezo siku zote. Wasipocheka, unafagia ukumbi. Mpishi wa mfalme ana maneno ya bure saba daftarini. Kinyozi, tangu ajiunge, hajawahi kutumia hata moja. Huwa anasema sina, na Bimkubwa anasema ndiyo maana nakupenda, una uso wa kaburi.

Mchezo ukaenda. Ikaitwa namba tano. Kinyozi akatembea mpaka dirishani, akatoa bastola ya mbao, na mpiga ngoma akagonga vijiti. Tiki. Ukumbi ukalipuka. Tiki. Mtoto mmoja akaigiza kwa mdomo. Kinyozi hakutaka kuangalia mbele lakini macho yakaenda yenyewe, akamwona kaka yake yuko vilevile, mikono magotini. Mama mdogo alikuwa anacheka na wenzake. Bado hajaelewa.

Kisha akaingia Fundi Baiskeli. Huyo ni fundi cherehani mmoja mnene, anakuja na kengele ya baiskeli mkononi, na kila akiapa anaipiga.

*Sita nilimpa, sita kwa mkono,*
*kama si sita nikatwe ulimi!*

Kriing. Na watu wote, hata wanaokuja mara ya kwanza, wanaitikia muongo, muongo. Ndiyo sehemu wanayoipenda. Mama mdogo alikuwa ameshafungua mdomo aitikie, akaukuta unabaki wazi. Hapo sasa kaelewa. Akamgeukia kaka pembeni yake, na huyo hakumgeukia.

Kelele zilipopungua, Kinyozi akainua mkono. Ndiyo alama yao ya neno la bure. Mpiga kinanda akashangaa, akaacha kupiga. Nyuma ya pazia Bimkubwa akasogea.

"Huyu mzee hakudanganya," Kinyozi akasema. "Zilikuwa sita. Nilizitoa mimi, mdogo wake, kaka anaoga. Nikazitia chooni."

Halafu kicheko kikaanzia kona ya kushoto kikaja kama bati linaloezuliwa na upepo. Watu walidhani Bwana Tiki kachanganyikiwa, kajigeuza mdogo wake mwenyewe ili amsingizie mtu asiyekuwepo. Fundi cherehani, mzoefu yule, akaidaka hapohapo, akauliza choo gani.

"Cha shimo. Cha nyumbani."

Zote kwa pamoja?

"Moja moja. Ya mwisho ilichelewa kusikika."

Mtu mmoja akaanguka na kiti chake. Mpishi wa mfalme, pale kwenye benchi, kajifunika uso kwa namba yake, mabega yanacheza. Kinyozi alisimama akasubiri waache. Alikuwa amelibeba lile jambo miaka kumi na miwili, kalitoa nje mbele ya watu mia mbili, na bado alikuwa hasikii kitu. Akaangalia safu ya mbele. Kaka yake alikuwa ananyanyuka, taratibu, kama mzee, anamwomba radhi kila mtu anayempita magotini.

Baada ya mchezo Bimkubwa alimkumbatia. Akasema mwanangu ulikuwa umelificha wapi neno tamu hivyo, na hilo halitoki tena, analiandika kwa wino. Kinyozi akasema sawa. Akaomba afagie ukumbi hata hivyo. Wakamcheka tena.

Jumapili asubuhi kaka alikuja dukani. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti, akajiangalia kwenye kioo, akasema ndevu. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akazungusha brashi kwenye povu, akavunja wembe mpya. Nje mtu anauza magazeti. Alinyoa shavu moja lote, na alipofika kwenye shingo, kaka ndipo akaongea, kidevu kikiwa juu.

"Ni kweli au ni mchezo?"

"Ni kweli, kaka."

"Sita?"

"Sita."

Wembe ukatembea kidogo, ukasimama. Kinyozi akasema kwamba wangemnyonga. Risasi zingetoka, wangemnyonga, na hilo alilifikiria hata siku ile.

"Najua wangeninyonga. Nikushukuru?"

Kinyozi akasuuza wembe.

Kaka akaeleza, anaongea na dari. Kule ndani aliwekwa chumba kimoja na Fundi Baiskeli. Miaka minne. Kila asubuhi yule mzee akiamka, kabla hajanawa uso, anamwambia kijana, nilikupa sita. Si kwa hasira. Anasema kama anavyomwamkia mtu. Na yeye kila asubuhi anamgeuzia mgongo. Wenzao wakafanya mzaha, wakimwona mzee wanauliza ngapi. Siku za mwisho kifua kilimbana, akawa hawezi kunyanyuka.

"Aliniomba maji," kaka akasema. "Kopo liko karibu na mimi, hapa, kama hii brashi yako. Sikumpa. Nikasema muongo akafie mbele huko. Akafa saa nane mchana."

Mlangoni akasimama mteja, akauliza kama kuna foleni. Kinyozi akamwambia leo hapana. Yule akaondoka.

"Bado shavu moja," kaka akasema.

Akanyolewa shavu la pili. Akapakwa spiriti, hakukunja uso. Akajifungua kitambaa mwenyewe, akakikung'uta, akakikunja vizuri mara nne kama wanavyofundishwa kule, akasema funga duka.

Walitembea. Kinyozi alidhani wanakwenda kwa mama mdogo, lakini kaka alipita ile kona, akapita na ya pili, akaulizia njia kwa muuza mkaa mmoja, na hapo Kinyozi akaelewa wanakokwenda. Simu yake ikaita mfukoni. Bimkubwa, maana Jumapili nayo kuna onyesho saa kumi, na anapenda watu wafike mapema. Aliiacha iite.

Mke wa Fundi Baiskeli alikuwa uani kwake, nyumba ya vyumba vya kupanga, milango inatazamana. Mumewe alipofungwa alichukua kazi yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kakunja gauni magotini, anazamisha tyubu kwenye beseni la maji anatafuta vipovu. Nyuma yake baiskeli tatu zimepinduliwa matairi juu. Kaka akamwamkia shikamoo mama, akajitambulisha. Yule mama akasema anamjua, sura haijabadilika, ila kapungua.

Hakuwafukuza wala hakuwakaribisha. Akaendelea kuzungusha tyubu. Akasema kama wamekuja kwa ajili ya ule mchezo, basi wamechelewa, maana tangu uanze hapo mlangoni kwake watu wakipita wanapiga kengele. Watu wazima kabisa. Wanapiga kengele, wanauliza mama, ngapi. Mwanzo alikuwa anawatukana. Sasa hivi anajifanya ni wateja.

Kaka akamsukuma Kinyozi mgongoni, si kwa nguvu.

Kinyozi akasema. Akasema yeye ni nani, akasema buti la mvua, akasema kigurudumu kilivyofunguka, akasema sita, akasema choo. Hakupamba. Yale maneno ya ya-mwisho-ilichelewa-kusikika hakuyarudia. Yule mama mikono ilisimama ndani ya maji. Vipovu vikawa vinapanda kutoka kwenye tundu, kimoja, kimoja, na yeye haviangalii.

"Sema tena," akasema.

Akasema tena.

Yule mama akafuta mikono kwenye gauni. Akaita mlango wa pili, shoga njoo, acha hizo nguo, njoo usikie. Akatoka mwanamke na povu mpaka kwenye viwiko. "Mwambie na huyu," mke wa Fundi akasema. Kinyozi akamwambia na huyo, kuanzia kwenye buti. Yule jirani aliweka mkono wenye povu kifuani na kusema ah, jamani yule mzee, na mimi nilikuwa namcheka.

Akaitwa wa mlango wa nne. Akaitwa mumewe pia, aliyekuwa amelala, akatoka anafunga shuka. Wakaja wasichana wawili wenye mitungi, wakaambiwa watue kwanza. Kila aliyefika mke wa Fundi alisema mwambie na huyu, kwa sauti ileile, bila kulia, kama mtu anayepokea mzigo wake unashushwa na anahakikisha hakuna kilichobaki ndani ya gari. Kinyozi akawa anaanza upya. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Mara ya tano au ya sita hivi, alipofika pale pa kusema kaka anaoga, machozi yakamtoka, neno likakatikia hapo. Kaka yake akavuta kigoda kilichokuwa kwenye baiskeli, akakiweka nyuma ya miguu yake, akamkalisha.

Simu ikaita tena, ikachoka. Saa kumi ilikuwa imeshapita.

"Bado babu wa mlango wa mwisho," mke wa Fundi akasema. "Walikuwa wanacheza bao pamoja kila jioni. Huyo hasikii vizuri, itabidi upaze sauti."

Babu akaletwa ameshikwa mkono, akasimamishwa mbele ya kigoda, akainamisha sikio. Kinyozi akajifuta uso kwa kiganja. Akavuta pumzi mpaka chini, vile Bimkubwa anavyowafundisha ili watu wa viti vya nyuma nao wapate, akaanza.